Mgeni na Jembe Lake

Kila mtu awe na daftari na kalamu, maana leo tutasoma na tutafanya hesabu pia.

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaijua sote. Lakini mgeni huyo akisha kupewa jembe, atalima wapi? Na atakula nini mpaka mazao yake yaive? Hilo ndilo somo letu.

Tuchukue mfano. Bwana mmoja wa Shinyanga ana mke na watoto wanne. Shamba lao limechoka, na mvua ya kwao haina hakika. Wamekata shauri kuhamia Bonde la Kilombero, katika Mkoa wa Morogoro. Safari yao ni kilomita 1,000 hivi: watapita Dodoma, Morogoro na Mikumi, ndipo wafike Ifakara. Watu wengi wa Usukuma wamekwisha kuifuata njia hiyo. Wako waliostawi, na wako waliopata hasara. Tutazame mambo manne.

Jambo la kwanza ni ardhi. Huenda mgeni akakutana na mtu atakayemwambia, "Nina ekari 5, lete fedha nikukabidhi leo hii." Asitoe hata senti. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na kuigawa kwahitaji idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wanakijiji wote waliotimiza miaka 18. Basi mgeni aende kwa Mwenyekiti na Ofisa Mtendaji wa Kijiji, aombe kwa maandishi, na angoje jibu. Karatasi yoyote atakayopewa aisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Hapo ndipo utakapoiona faida ya jioni hizi unazokaa darasani.

Aulize pia: Je, shamba hili limo ndani ya mpaka wa kijiji, au limo katika hifadhi? Sehemu ya bonde lile imehifadhiwa kwa ajili ya wanyama wa porini na maji ya mto. Mwaka 2012 Serikali ilianza kuondoa ng'ombe wengi bondeni, na wafugaji waliokuwa wametoka mbali ilibidi wahame tena. Kwa hiyo mwenye mifugo apate ruhusa kabla hajaisafirisha.

Tena, sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Fikiri mwenyewe: mume akifariki katika nchi ya ugenini, na jina la mkewe halimo katika hati, nani atamtetea mjane huyo akiambiwa arudi kwao?

Jambo la pili ni chakula. Wengine huuza chakula chote ili wapate nauli, wakidhani watanunua kingine huko waendako. Sasa shikeni kalamu. Watu 6 wa nyumba hii hula kilo 3 za nafaka kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 90, yaani gunia moja la kilo 90. Wakifika mwanzo wa Oktoba, na mavuno yao ya kwanza yakiwa mwisho wa Mei, ni miezi 8. Basi wanahitaji magunia 8, au fedha za kuyanunua mapema, wakati bei ingali chini. Asiyefanya hesabu hii atajikuta mwezi wa Machi akilima mashamba ya watu ili apate chakula cha siku, na magugu yatamshinda katika shamba lake mwenyewe.

Jambo la tatu ni kujifunza nchi mpya. Kwao walizoea mtama, pamba na viazi vitamu. Bondeni mvua ni nyingi zaidi, na zao kubwa ni mpunga. Wakati wa masika mto hufurika. Kabla ya kujenga, muulize mzee wa pale: maji hufika wapi? Nyumba na ghala viwe mahali palipoinuka. Kwa mbegu, mwone Bwana Shamba. Mbegu ya SARO 5 hukomaa kwa miezi 4 hivi. Supa hukawia zaidi, lakini wali wake hunukia na hupendwa sokoni. Wala usidharau ujuzi uliotoka nao. Anayejua kulima kwa plau na ng'ombe ana kitu cha kuwafunza wenzake.

Jambo la nne ni majirani. Wandamba, Wapogoro na Wambunga walikuwapo bondeni kabla yako. Piga hodi, salimu, hudhuria misiba yao na kazi za kijiji. Siku utakapougua usiku, ndugu zako wa Shinyanga hawataisikia sauti yako, jirani ataisikia. Kabla ya kuondoka, chukua barua za uhamisho wa watoto shuleni na kadi zao za kliniki, na ufungashe vyandarua, kwa maana mbu ni wengi.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kwa nini mgeni asinunue shamba bila kupita kwa Halmashauri ya Kijiji?
2. Nyumba ya watu 8 hula kilo 4 za nafaka kwa siku. Kwa miezi 6 yenye siku 30 kila mmoja, itahitaji magunia mangapi ya kilo 90?
3. Mgeni akihamia kijijini kwenu leo, ninyi mtamsaidiaje?

Swali hilo la tatu lijibuni kwa matendo pia. Kwaherini, hadi somo lijalo.