Makundi ya Mtaani na Maana ya Kipaumbele

Kumezuka mtindo katika makundi ya kijamii ya Eastlands, tangu Kaloleni hadi Dandora, wa kuandika orodha ndefu ya kile kiitwacho "vipaumbele". Kundi la vijana thelathini hujitwika maji, taka, mikopo, karo na vita dhidi ya dawa za kulevya, yote kwa mwaka mmoja. Tena orodha yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, maana anayetarajiwa kuisoma ni mfadhili, si mwanachama.

Kwa mtazamo wa lugha, jambo hili ni kichekesho. Neno kipaumbele limetokana na kupa umbele, yaani kutanguliza. Panapotangulizwa kitu, sharti pawepo kinachobaki nyuma. Aliyetanguliza mambo kumi hajatanguliza hata moja.

Tuutazame mfano wa Mathare. Mwaka wa 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alishirikiana na vijana wa huko kuanzisha chama cha michezo kijulikanacho kama MYSA. Shida za mtaa zilikuwa tele, lakini chama kilishika kandanda na usafi. Je, hayo si mawili? La, yalifungwa kwa kamba moja: timu iliyozoa taka na kuzibua mitaro ilipata alama katika msimamo wa ligi, kama ilivyopata kwa kushinda mechi. Mwaka wa 1992 chama kilitunukiwa tuzo ya Global 500 ya UNEP. Timu yake, Mathare United, iliyoundwa 1994, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008. Mafunzo kuhusu ukimwi nayo yaliongezwa baadaye, shina likiwa limekwisha kushika mizizi.

Kuna watakaosema kwamba mama asiye na maji hawezi kuambiwa angoje. Ni kweli. Lakini kundi linalomwahidi maji pamoja na mambo mengine tisa ndilo litakalomngojesha zaidi. Kuchagua si kudharau. Linaloachwa na kundi moja laweza kushikwa na jirani.

Walimu na wanafunzi wa vyuo ndio mara nyingi hutwikwa ukatibu wa makundi haya. Basi na waulize mkutanoni, kwa lugha inayoeleweka na kila mwanachama: mwaka huu tunaacha nini? Kundi lisiloweza kulijibu swali hilo bado halijachagua lolote.