Samaki wa etangi wakikataa pumba: namna ya kuwazoeza kula

Mwenye etangi anafika asubui na ndoo ya pumba, anaimwaga juu ya maji, anangoja. Pumba inaelea, upepo unaisukuma kwenye ukingo, na hakuna samaki hata mmoja anayepanda. Kesho yake anarudilia, na kesho kutwa tena. Kiisha wiki mbili maji yananuka, samaki wako juu wanatafuta hewa, na feza ya pumba imeisha. Swali linabaki lile lile: "Samaki zangu hazitaki kula, nifanye nini?"

Kwa wakaaji wa Bunia, hili si jambo dogo. Sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa sokoni inatoka ziwa Albert, kupitia Tchomia na Kasenyi. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita na mauaji katika Djugu na Irumu vimefukuza watu wengi vijijini, na barabara ikiwa mbaya ao ikifungwa, bei ya samaki inapanda siku ile ile. Etangi karibu na nyumba inaweza kusaidia jamaa kupata mboga na feza ya shule ya watoto. Lakini samaki asiyekula haongezeki uzito.

Kwanza, angalia maji

Bunia iko zaidi ya meta 1 200 juu ya bahari, wakati ziwa Albert liko karibu meta 620. Kwa hiyo maji ya etangi za Bunia ni ya baridi kuliko ya ziwani. Tilapia anakula vizuri maji yakiwa kati ya digri 25 na 30. Yakishuka chini ya digri 20 anakula kidogo sana, na karibu na digri 16 anaacha kabisa. Ndiyo maana kumwaga chakula saa kumi na mbili ya asubui ni kupoteza. Saa hiyo maji ni ya baridi, tena hewa iliyo ndani yake ni kidogo. Ngoja jua lipande: saa tatu ao saa nne ya asubui, kiisha saa tisa ao saa kumi ya mchana.

Ingiza pia mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko. Kama vidole havionekani na maji ni ya kijani, samaki ana chakula chake cha asili: mimea midogo na vidudu vidogo vinavyoletwa na mbolea. Tilapia wa namna hiyo si mgonjwa, ameshiba tu. Kama unaona vidole vizuri, maji ni matupu: tia mbolea ya kuku ao ya mbuzi kidogo kidogo. Kama mkono unapotea kabla ya kufika nusu ya kiwiko, mbolea imezidi: acha, na ongeza maji mapya.

Samaki mgeni anaogopa

Samaki aliyetoka mbali ndani ya bido ao mfuko amechoka. Mfuko uelee kwanza juu ya etangi karibu dakika 15 ili joto la maji lilingane, kiisha umfungulie polepole. Siku ya kwanza usimpe kitu. Njaa ya siku moja ao mbili haimuui samaki mzima, lakini chakula kinachooza kinaweza kumuua, sababu kikioza kinakula hewa ya maji.

Kumbuka pia alikotoka. Kambale, ile wengine wanaita ngolo, akivuliwa katika mabwawa amezoea kukimbiza kitu kinachotembea: minyoo, wadudu, samaki wadogo. Pumba haitembei, na kwake si chakula. Watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa bahari ndani ya visanduku vya kioo wanapata shida hiyo hiyo: samaki aliyetoka baharini anakataa chakula kilichogandishwa kwenye frigo. Wanachofanya ni kumpa kwanza vidudu vilivyo hai, kiisha kuchanganya na vya frigo kidogo kidogo, mpaka asione tena tofauti. Njia hiyo haiombi frigo, na inafaa hata Bunia.

Wiki moja ya kuzoeza

Chagua fasi moja ya etangi, pembeni, ambapo maji si ya kina kirefu. Funga miti ao mianzi minne, iwe mraba unaoelea. Chakula kitaingia humo tu. Upepo hautakipeleka, na utaona kama kimeliwa. Kabla ya kutupa, piga ndoo mara tatu. Fasi moja, saa moja, sauti moja: samaki anajifunza upesi.

Siku ya kwanza na ya pili, toa mchwa ao minyoo iliyokatwa, kiasi cha mkono mmoja. Siku ya tatu na ya nne, ponda mchwa hao pamoja na pumba ya mupunga na maji kidogo, mchwa wawe wengi kuliko pumba. Siku ya tano na ya sita, nusu kwa nusu. Siku ya saba, pumba iwe nyingi, na unga wa samaki wadogo wakavu ao wa soja iliyokaangwa utie harufu na nguvu. Wakikataa siku moja, rudi hatua moja nyuma.

Angalia ukubwa wa mdomo. Watoto wa samaki wanataka unga uliochungwa vizuri. Wakubwa wanachukua vidonge vya kukandwa. Watoto wa kambale wakilala njaa wanakulana wao kwa wao, kwa hiyo watenganishe wakubwa na wadogo. Nusa pia chakula chenyewe: pumba ama mahindi yenye ukungu yana sumu inayoharibu maini ya samaki. Samaki akiikataa, yeye ndiye ana haki.

Kiasi gani?

Samaki wanaokua wanapashwa kupata kila siku kilo 3 mpaka 5 kwa kila kilo 100 za uzito wao wote. Ukiwa na tilapia 300 wa gramu 50, uzito wao ni kilo 15. Kwa kipimo cha kilo 4 kwa 100, hiyo ni gramu 600 kwa siku: 300 asubui, 300 mchana. Kila mwezi vua wachache, wapime, na hesabu upya.

Kiisha dakika 20, angalia ndani ya mraba. Kama chakula kimebaki, kesho punguza. Kama hakuna kitu, ongeza kidogo. Na ukikuta samaki wako juu wanafungua midomo alfajiri, siku hiyo usitoe chakula wala mbolea. Ingiza maji mapya.

Kabla ya kutuma feza kwa chakula cha kiwanda, ambacho mara nyingi kinatoka inje ya inchi na bei yake iko juu, jaribu kwanza mraba, ndoo na mchwa. Siku utakapopiga ndoo na maji yakaanza kutikisika kabla hujatupa kitu, utajua pumba yako haipotei tena.