Dawa ya Kufunga Tumbo na Hatari Isiyoonekana

Mtu anayehara akifika duka la dawa, aghalabu huomba dawa ya kufunga tumbo. Ombi hilo laeleweka. Hata hivyo, kinachoua upesi katika kuhara ni upotevu wa maji na chumvi, na dawa ya kufunga tumbo hairudishi hata tone moja.

Loperamidi, ambayo ndiyo hutumika zaidi, hupunguza mwendo wa utumbo. Mtu mzima anayehara maji, bila damu wala homa, yaweza kumfaa: miligramu 4 mwanzoni, kisha miligramu 2 baada ya kila choo laini, bila kuzidi miligramu 8 kwa siku anapojitibu mwenyewe. Asipopata nafuu ndani ya siku 2, aiache na kwenda kituo cha afya. Kuzidisha kipimo kwaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Penye damu au homa kali, dawa hii haifai, kwa kuwa huvifungia ndani vijidudu pamoja na sumu yao. Mtoto mdogo naye asipewe kamwe. Utumbo wake waweza kusimama, tumbo likavimba na maji yakajikusanya humo. Mzazi huona choo kimekoma akatulia, ilhali mwili wa mtoto unazidi kukauka. Kwa hiyo muuzaji wa dawa aulize kwanza umri wa mgonjwa, homa, na damu katika choo.

Metronidazo nayo huombwa kana kwamba ni dawa ya kila tumbo. Hutibu amiba na giadia. Mbele ya virusi vya rota, ambavyo huwaharisha sana watoto wachanga, haifui dafu.

Nguvu ya ORS ilidhihirika mwaka 1971 katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India. Dripu zilipopungua wakati wa kipindupindu, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka takribani 30 hadi chini ya 4 katika kila wagonjwa 100. Sukari huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji hufuata.

Pakiti ya lita 1 ichanganywe na lita 1 kamili ya maji salama; maji yakipunguzwa, chumvi huzidi na kudhuru. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo, kwa kijiko. Akitapika, mlezi asubiri dakika 10, kisha aendelee polepole. Kunyonya na kula kusikatizwe. Zinki hutolewa miligramu 20 kwa siku (miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6), siku 10 hadi 14, hata choo kikishakuwa cha kawaida.

Macho yakididimia, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa ORS njiani ikiwa anaweza kumeza.