Mwezi wa Kucheza Unalipiwa kwa Saa Ngapi?

Aprili 2015, kampuni ya Blizzard ilianza kuuza tokeni za mchezo wake wa World of Warcraft kwa wachezaji wa Marekani. Mwenye fedha hununua tokeni kwa dola 20 na kuiuza katika mnada wa mchezoni. Asiye nazo huilipia kwa dhahabu ya mchezo, akapata siku 30 za kucheza. Ada ya kawaida ya mwezi ni dola 14.99. Kila mwezi unaolipiwa hivi huiingizia kampuni takriban dola 5 zaidi, yaani theluthi nzima juu ya ada. Si mwezi wa bure hata kidogo. Kilichobadilika ni mlipaji tu.

Mzigo humwangukia anayelipa kwa dhahabu. Tokeni ilianza kwa dhahabu 30,000, sawa na 1,000 kwa siku. Bei hupanda na kushuka kulingana na mahitaji, na miaka iliyofuata ilivuka 200,000. Wazoefu wenye mali nyingi huimudu, kwani dhahabu imezidi kuwa nyingi. Lakini chukua mchezaji mgeni anayechuma, tuseme, 2,000 kwa saa. Kwa bei ya mwanzo angefanya kazi saa 15. Kwa bei ya 200,000, saa 100. Hizo ni zaidi ya saa tatu kila siku, kabla hajaanza kujifurahisha. Dola 20 za upande wa pili hazijasogea hata senti.

Katika michezo mingine kuna pia hatari ya kupoteza vyote. Mwaka 2010, katika mchezo wa EVE Online, meli ndogo iliyobeba PLEX 74, yaani tokeni za mchezo huo, ililipuliwa. Wakati huo PLEX moja ilikuwa siku 30, hivyo ziliteketea siku 2,220: zaidi ya miaka sita ya kucheza, yenye thamani ya zaidi ya dola 1,200. Muda ulikwisha kulipiwa, na kampuni ya mchezo huo haikudaiwa tena kuutoa.

Blizzard iliziba mwanya mwingine, ule wa ulanguzi: tokeni iliyonunuliwa mnadani haiuziki tena, hivyo walanguzi hawana pa kushika. Ila kupanda kwa bei hakukuzibwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kwa dhahabu, piga hesabu kwa saa zako. Ada ya dola 15 ikilipwa kwa saa 100 za kazi, umejiajiri kwa senti 15 kwa saa. Kampuni nayo, inayopokea dola 5 za ziada, inapaswa kuiweka hesabu hiyo wazi mbele ya kila mnunuzi.