Stima ya Kikundi: Nani Awashe, Saa Ngapi, na Alipe Nini?



Tukizunguka kwa vikundi vilivyo karibu na mito inayotoka Mlima Kenya, tunaulizwa: "Tukipata mtambo wa stima ya maji, si shida zetu zimekwisha?" Jibu letu ni kwamba mtambo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuigawa hiyo stima, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

STIMA HAINA GHALA

Ukivuna gunia kumi za mahindi unaziweka ghalani, unakula pole pole. Stima inayotoka kwa mashine ya maji si hivyo. Inayotengenezwa sasa itumike sasa. Watu wakivuta kuliko inavyotoka, mashine inalemewa, taa zinafifia, na mwishowe giza kwa wote. Wakivuta kidogo mno, mashine inakimbia kupita kiasi na inaweza kuharibika. Kwa sababu hiyo mitambo mingi midogo huwekewa kifaa cha kupeleka stima iliyobaki kwenye koili za kupasha maji. Hiyo ni stima mliyoitolea jasho na hamkuiuza.

Hata wakubwa wanapanga. Tazameni mabwawa ya Mto Tana kule chini Mbeere: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Maji ni yale yale, yanashuka kutoka bwawa moja hadi lingine. Masinga, lililo juu ya mengine yote, ndilo ghala: linashika maji ya mvua yatumike wakati wa kiangazi. Huko Nairobi kuna wafanyakazi wanaoamua usiku na mchana mtambo upi uongeze na upi upunguze. Pamoja na hayo yote, ukame ulipozidi, mwaka wa 2000 nchi nzima iligawiwa stima kwa saa. Basi je, sisi tusio na bwawa?

PIGENI HESABU KWANZA

Zidisha lita za maji zinazopita kwa sekunde moja mara urefu wa maporomoko kwa mita, kisha mara 5. Jibu ni wati mnazoweza kutarajia, maana karibu nusu ya nguvu hupotea kwenye mfereji, mabomba na mashine. Tuseme mna lita 100 na maporomoko ya mita 20. Mtapata wati 10,000, yaani kilowati 10. Pimeni maji wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua, la sivyo mtaahidi watu stima isiyokuwepo.

Mkiwa nyumba 100, kila nyumba ina wati 100. Hizo zinatosha balbu chache za kisasa, redio na kuchaji simu. Lakini pasi moja ya stima inakula wati 1,000, fungu la nyumba kumi! Na mashine ya kusaga unga ya kilowati 7 na nusu inakula karibu yote, tena inapoanza kuzunguka huvuta zaidi.

RATIBA

Je, mashine ya kusaga ikataliwe? Hapana. Ipewe saa zake. Kwa mfano:

- Saa kumi na moja hadi saa mbili asubuhi: taa za nyumbani.
- Saa tatu asubuhi hadi saa kumi: kusaga, kuchomelea vyuma, kinyozi. Mashine kubwa mbili zisiwashwe pamoja.
- Saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku: nyumba peke yake. Watoto wanasoma.
- Usiku wa manane: kuchaji betri.

Muwe na ratiba ya pili ya kiangazi, mto ukipungua. Iandikwe mapema na kupitishwa na mkutano wa wote. Ikiachwa mpaka siku ya shida, mwenye sauti kubwa ndiye atakayepewa.

BEI

Nyumba zinaweza kulipa bei moja kwa mwezi kulingana na wati zilizopewa, na kila nyumba iwe na swichi inayojikata yenyewe ikizidisha. Njia hii ni rahisi, haihitaji kusoma mita. Wenye mashine ni haki wafungiwe mita. Stima ya mchana, ambayo ingepotea, inaweza kuwa nafuu kuliko ya jioni.

Pesa zigawanywe mara tatu: mshahara wa fundi, matengenezo ya kila mwezi, na akiba ya siku mashine itakapokufa. Akiba hiyo isikopeshwe mtu, hata mwenyekiti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

WALIOTUTANGULIA

Huko Tungu-Kabiri, katika iliyokuwa Meru Kusini (sasa Tharaka-Nithi), wananchi kama 200 walinunua hisa na kujitolea kwa kazi ya mikono. Mtambo wa kilowati 18 ulijengwa kuanzia 1998 hadi 2001 kwa msaada wa shirika la ITDG na Wizara ya Nishati. Stima ilielekezwa kwanza kwa biashara ndogondogo, kwa kuwa biashara ndiyo inayoleta pesa za kutengeneza mashine.

Kiwanda cha chai cha Imenti nacho kilijenga mtambo wake wa maji na kupatana kuiuzia Kenya Power stima inayobaki. Lakini ule haufiki mbali na megawati moja, mara nyingi zaidi ya wetu. Kwa kikundi kidogo, soko la kwanza ni jirani.

Kabla ya kuchimba mfereji, nendeni ofisi ya WRA mkaombe kibali cha maji, na muulize EPRA kuhusu kibali cha kuuza stima. Ongeeni pia na walio chini ya mto.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mto wetu una lita ngapi wakati wa kiangazi?
2. Maji yakipungua nusu, nani azime kwanza?
3. Mjane asiyeweza kulipa tutamfanyia nini?
4. Nani atashika daftari, na nani atalikagua?

Swali la pili likiwashinda leo, msinunue mashine bado. Kaeni tena, mlijibu kwanza.