Mchukua Jongoo Achukue na Mti Wake

Kila mwaka, masika yaanzapo kunyesha Kisiwani Mombasa, majongoo hutoka ardhini. Huonekana chini ya mibuyu ya Mama Ngina, penye mizizi ya miembe, na katika kila kipande cha ardhi ambacho bado hakijafunikwa kwa saruji. Watoto wa Makadara na Kibokoni huwaokota, wakawatia katika kopo au chupa na kuwapeleka nyumbani kwa furaha kubwa. Lakini furaha hiyo haidumu. Baada ya siku chache jongoo amekauka, ametupwa jaani, na mtoto amekwenda kutafuta mwingine.

Watu wazima wengi hulitazama jambo hili kama mchezo tu, wala hawasemi neno. Hata hivyo, yafaa tulifikiri. Mtoto apendaye kufuga hana kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyemfundisha. Na jongoo akifa mikononi mwake mara tatu au nne, mtoto huzoea kuona kifo cha mnyama kuwa si kitu.

Wahenga walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Katika kazi ya kufuga, methali hiyo yaweza kugeuzwa: mchukua jongoo achukue na mti wake. Maana mti ule uliooza ambao jongoo alikuwa akiutambaa si takataka, bali ndio chakula chake, nyumba yake na maji yake. Mtoto aliyemtia jongoo katika chupa safi yenye kipande cha mkate amemwondolea vyote vitatu kwa siku moja.

Kwanza ni lazima kumjua jongoo mwenyewe, asije mtu akamchanganya na tandu. Tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili, huenda mbio, na huuma kwa sumu; huyo asiguswe na mtoto kamwe. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili, huenda polepole, wala haumi. Yule mkubwa wa kwetu pwani, mwenye mwili mweusi na miguu myekundu, amepata sifa hata ng'ambo: watu wa Ulaya humfuga majumbani, na wapo wamwitao Treni ya Mombasa. Silaha yake ni kujikunja na kutoa maji yenye harufu kali, ambayo hutia madoa vidoleni na kuwasha macho. Kwa hiyo amshikaye jongoo na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kujigusa usoni.

Ikiwa msomaji ana shaka kwamba kiumbe huyu anastahili taabu hiyo, na atazame Bamburi, upande wa kaskazini wa kisiwa chetu. Kiwanda cha saruji cha huko kilianza kazi mwaka 1954, na kwa kuchimba mawe ya matumbawe kiliacha mashimo makubwa yenye joto, yasiyo na udongo wala jani. Mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika mashimo hayo. Alijaribu aina 26, na zilizofaulu zilikuwa tatu tu. Uliofanya vizuri zaidi ni mvinje.

Lakini mvinje nao ulileta shida. Majani yake membamba kama sindano yalianguka na kurundikana chini, yakakaa vivyo hivyo bila kuoza, kwa kuwa ni magumu na yana ukali ambao wadudu wengi hawauwezi. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo mimea mingine haiwezi kuota. Ndipo Bwana Haller alipomwona jongoo mwekundu wa miguu akiyala majani hayo. Akaagiza majongoo wakusanywe kwa mamia na kuachiliwa chini ya mivinje. Wakala, wakatoa kinyesi, na kinyesi kile kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Leo mahali hapo ni msitu, nao unajulikana kwa jina lake, Haller Park. Fundisho kwa mfugaji ni wazi: jongoo hali mboga zetu wala ugali wetu. Kazi yake ni kula kilichokufa.

Sasa tuje kwenye utunzaji. Sanduku la mbao au ndoo pana yatosha kwa majongoo watatu au wanne. Mdomo ufunikwe kwa kipande cha chandarua, ili hewa ipite na jongoo asitoroke usiku, kwani usiku ndio wakati wake wa kutembea. Chini mtie udongo mweusi uliochanganywa na majani yaliyooza, kina chake kisipungue urefu wa jongoo mwenyewe, maana ataka kujizika. Juu yake mweke majani makavu ya mwembe, mkungu au mvinje, pamoja na kipande cha mti uliooza. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisitumike.

Hicho ndicho chakula chake cha kila siku, nacho kiongezwe kila kinapopungua. Mara moja kwa juma aweza kupewa kipande cha tango, papai au embe, lakini kiondolewe kabla hakijaota ukungu. Tena apewe maganda ya mayai yaliyopondwa, kwa sababu gamba lake hujengwa kwa chokaa. Chumvi, sukari, mkate na mabaki ya mchuzi visimkaribie.

Maji asiwekewe katika bakuli lenye kina, asije akazama. Udongo unyunyizwe tu, uwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa. Maji ya mvua ni bora, kwa kuwa maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Sanduku likae kivulini, kwani jua la saa sita juu ya sakafu ya saruji litamwua upesi. Miguu ya sanduku isimame katika makopo yenye maji, kama tufanyavyo kwa kabati la chakula, ili sisimizi wasipande. Na chumba kinapopigwa dawa ya mbu au mende, sanduku litolewe nje kwanza.

Liko jambo moja linalowaua majongoo wengi hata katika mikono yenye huruma. Jongoo hukua kwa kujivua gamba. Wakati huo hujichimbia ardhini, akakaa humo majuma kadhaa, na mwili wake huwa laini sana. Mtoto asipomwona hudhani amekufa, akaanza kuchimbua kwa kijiti, na kijiti hicho ndicho kimwuacho. Basi atulie na kusubiri. Gamba kuukuu nalo lisitupwe, maana jongoo hulila ili kurudisha chokaa yake mwilini.

Haya yote yasimfanye msomaji kudhani kwamba kila kitambaacho chaweza kupelekwa nyumbani. Kobe, kinyonga na chatu wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, wala hawafugwi bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, yaani KWS. Jongoo naye ni kiumbe wa mwitu. Asikusanywe kwa wingi wala asiuzwe. Na aliyechukuliwa ili watoto wajifunze arudishwe pale pale alipookotwa, mvua zingaliko, ili aweze kujichimbia kabla ya kiangazi.

Wazazi na walimu wanaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Mtoto mmoja apewe kazi ya kunyunyiza maji, wa pili alete majani, wa tatu aandike katika daftari siku ambayo jongoo alijizika na siku aliyotoka. Na siku sanduku litakapomwagwa, ule udongo mweusi uliobaki usipelekwe jaani. Utiwe katika vyungu vya mrihani na asumini vilivyomo uani, nao watoto wataona wenyewe jinsi mimea hiyo itakavyochipua.