Mwanao akiandika "ice", ana maana gani?

Mzazi, ukikuta neno la Kiingereza "ice" kwenye simu ya mwanao, usikimbilie kugomba. Maana yake ya kawaida ni barafu. Wasanii wa hip hop wa Marekani huziita almasi "ice", kwa jinsi zinavyometameta. Lakini mitaani neno hilohilo ni jina la methamfetamini, dawa ya kulevya inayofanana na vipande vya barafu na humnasa mtumiaji haraka. Soma ujumbe mzima: je, wanazungumzia juisi ya baridi, mkufu, au bei ya gramu? Kisha muulize kwa utulivu, "Hapa mlimaanisha nini?" Mtoto asiyeogopa kugombezwa ndiye atakayekueleza ukweli mapema.